Mfupa Hauna Tarehe ya Kuzaliwa: Vijeba Wanavyosakwa Kwenye Soka la U-17

Tarehe 2 Oktoba 2016 vijana wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya chini ya miaka 17, walitoka uwanjani Brazzaville vichwa chini. Congo walikuwa wamewafunga 1-0. Dar es Salaam vijana wetu walishinda 3-2, jumla ikawa 3-3, na Congo wakapita kwa yale mabao mawili waliyoyapata ugenini. Safari ya kwenda fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 ikaishia hapo. Watoto wakarudi nyumbani.

Februari 2017 wakaambiwa wafungashe tena mabegi, wanakwenda fainali Gabon. Hakuna mechi iliyorudiwa. TFF, shirikisho letu la soka, ilikuwa imelalamika kwamba mchezaji mmoja wa Congo amezidi umri, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaagiza afike kwenye kipimo cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, na Congo ikashindwa kumleta. Mchezaji hakutokea, timu nzima ikaenguliwa, nafasi ikaja kwetu.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila wenye kumbukumbu ndefu walipiga makofi ya taratibu. Mwaka 2005 kisa kilikuwa hicho hicho, sisi tukiwa upande wa pili: Tanzania ilifuzu fainali za Gambia, ikaondolewa kwa kosa la kumchezesha aliyezidi umri, na tiketi wakapewa Zimbabwe. Mkuki kwa nguruwe. Nchi moja, ndani ya miaka 12, ilinyang'anywa fainali na ikapewa fainali kwa kosa lile lile.

Neno la kosa hilo tunalo: kijeba. Aliyesoma sekondari hapa nchini amelisikia pembeni ya viwanja vya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, likitembea na ndugu yake mamluki. Mamluki ni mchezaji wa kuazima, si mwanafunzi wa shule anayoichezea. Kijeba ni mtu mzima aliyevaa jezi ya watoto. Sisi mashabiki tunalitamka kirahisi, kwa kutazama ndevu na mapaja. Lakini muulize mtu CAF au FIFA wanajuaje kwamba huyu ni kijeba na yule siye, atakujibu "kuna kipimo cha MRI" kana kwamba mjadala umekwisha. Ndipo unapoanzia, maana MRI haipimi umri.

Kumi na saba ipi?

Tuanze na namba yenyewe, kwa sababu hata namba ina mtego wake. "Chini ya miaka 17" si mtoto ambaye bado hajatimiza miaka 17. Kanuni hutazama mwaka wa kuzaliwa, na mstari huchorwa tarehe 1 Januari. Kwa fainali za 2017, aliyeruhusiwa alikuwa yule aliyezaliwa 1 Januari 2000 au baada ya hapo. Kwa za 2019 mstari ukahamia 1 Januari 2002. Sasa mchukue kijana aliyezaliwa siku hiyo ya Mwaka Mpya 2002, ambaye timu yake ilifuzu Kombe la Dunia la U-17 lililoanza Brazil mwishoni mwa Oktoba 2019. Siku ya mechi ya kwanza alikuwa na miaka 17 na karibu miezi 10. Huyo ni halali kabisa. Kama ana ndevu, zina kila haki ya kuwa pale zilipo.

Upande wa pili wa mtego huo uliwanasa Wazanzibari. Aprili 2018 Burundi iliandaa michuano ya U-17 ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Zanzibar ilifika na ikaondolewa, kwa sababu ilikuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya 1 Januari 2002. Hapo sumaku haikuhitajika. Tarehe zilikuwa kwenye pasi walizokuja nazo wenyewe. Fanya hesabu kidogo. Mtoto aliyezaliwa Desemba 2001 alikuwa, mwezi ule wa Aprili, na miaka 16 na miezi minne. Mwulize mama yake, atakwambia mwanangu hajafika hata 17. Kwa kanuni amezidi, kwa sababu michuano ile ilifuata mstari wa fainali za mwaka uliofuata. Mitaani kisa kile kilihesabiwa pamoja na visa vyote vya vijeba, lakini mtu anayedanganya umri haji na pasi inayomshitaki mwenyewe.

Na kwa kuwa fainali zilikuwa zikichezwa kila baada ya miaka miwili, mstari nao uliruka miaka miwili miwili: 2000, kisha 2002. Aliyezaliwa 2001 alikuwa wapi? Mwaka 2017 alihesabiwa miongoni mwa wadogo, akigombea namba na wenzake waliomzidi mwaka mzima wa misuli. Mwaka 2019 mlango ulikuwa umeshafungwa. Mtoto wa 2001 hakuwahi kuwa mkubwa wa kundi lake. Hilo halikuwa kosa la mtu yeyote, lakini mzazi mwenye akili ya biashara, au kocha mwenye akili hiyo, analiona mapema. Kumsogeza mtoto miezi michache kutoka Novemba 2001 hadi Januari 2002 kunamnunulia fainali nzima, tena akiwa mkubwa. Udanganyifu wa umri hauanzi na mzee wa miaka 25. Mara nyingi unaanza na miezi miwili.

Kutoka karatasi kwenda sumaku

FIFA ilianza michuano hii mwaka 1985 kule China, wakati huo ikiwa ya chini ya miaka 16; umri wa 17 ulikuja mwaka 1991. Nigeria ndio walioutwaa ubingwa wa kwanza kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 2-0. Miaka minne haikupita bila kelele. Mwaka 1989 FIFA iliifungia Nigeria miaka miwili kwenye mashindano ya vijana, baada ya kuonekana kwamba tarehe za kuzaliwa za wachezaji watatu waliosajiliwa kwa Olimpiki ya 1988 hazikulingana na zile walizotumia kwenye mashindano ya awali. Zingatia namna walivyonaswa: karatasi ilipingana na karatasi. Yeyote aliyekuwa makini kutunza uongo mmoja tu, kila mahali tarehe ile ile, alikuwa salama.

Shaka haikuwa ya Afrika peke yake. Mwaka huo huo wa 1989 Saudi Arabia waliwafunga wenyeji Scotland kwa penalti katika fainali pale Hampden Park, na mpaka leo Waskoti wa rika fulani wakilikumbuka pambano lile hawaanzi na penalti, wanaanza na masharubu.

Madaktari walikuwa na njia ya zamani ya kukadiria ukuaji wa mtoto: eksirei ya kiganja. Tatizo la eksirei ni mionzi. Ukiwa unatibu mfupa uliovunjika, mionzi kidogo ina sababu. Kummulika mtoto mzima wa afya kwa ajili ya mpira tu ni jambo ambalo daktari mwenye maadili hulikataa. Ndipo kundi la watafiti la FIFA, likiongozwa na daktari wake mkuu wa wakati huo Jiri Dvorak, likageukia MRI, mashine inayotumia sumaku na mawimbi ya redio bila mionzi ya aina ile. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2007. Walipiga picha za vifundo vya mikono vya vijana karibu 500 wa miaka 14 hadi 19 kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina. Kombe la Dunia la U-17 la 2009, lililochezwa Nigeria, likawa la kwanza kutumia kipimo hicho.

Sasa wanatazama nini? Shika mkono wako wa kushoto hapo kwenye kifundo. Kuna mifupa miwili inayotoka kwenye kiwiko kuja kwenye kiganja. Ule mnene, ulio upande wa kidole gumba, ndio wenye habari. Kwa mtoto, karibu na ncha ya mfupa huo kuna utando wa gegedu, laini, kama mstari wa udongo mbichi kati ya matofali mawili. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mtoto akiwa anakua, gegedu ipo wazi. Akikaribia kumaliza, gegedu inaanza kugeuka mfupa kutoka katikati, inasambaa, na mwishowe ncha na mfupa vinakuwa kitu kimoja. Gegedu ina maji mengi kuliko mfupa, na MRI kazi yake ni kusikiliza maji: sumaku inazipanga chembe za haidrojeni zilizomo ndani ya maji, mawimbi ya redio yanazitikisa, nazo zikirudi mahali pake zinatoa ishara inayogeuzwa kuwa picha. Gegedu ikiwepo inaonekana waziwazi. Ikiisha, mstari unatoweka.

Madaktari waliugawa mwendo huo katika madaraja sita. La kwanza, mlango uko wazi kabisa. La pili hadi la tano, unafungwa kidogo kidogo, mpaka inabaki alama ya milimita chache. La sita, umefungwa na hata ufa hauonekani. Aliye daraja la sita haruhusiwi kucheza U-17. Kanuni ni hiyo tu, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Daktari haandiki "huyu ana miaka 19". Anaandika kwamba mfupa umefunga au haujafunga.

Matokeo yalitikisa mabenchi. Kabla ya fainali zile za 2009, wenyeji Nigeria waliwapima vijana wao na kuwaondoa 15. Kikosi kilichobaki kilifika fainali na kufungwa 1-0 na Uswisi. Mwaka 2016 Nigeria ilipima tena kabla ya mechi za kufuzu, wakaanguka 26. Timu iliyounganishwa haraka haraka ikatolewa na Niger. Mwanzoni mwa 2023 ikawa zamu ya Cameroon: chini ya uongozi wa Samuel Eto'o, shirikisho lao lilitangaza kwamba wachezaji 21 kati ya 30 wa kikosi cha U-17 wameshindwa kipimo na wameondolewa. Walitafuta wengine, na hao wengine wakafuzu fainali za Algeria. Kwenye fainali hizo hizo Sudan Kusini, waliokuwa wamekata tiketi kupitia ukanda wetu, walienguliwa kwa suala la umri na kundi lao likachezwa na timu tatu.

Kwa mtazamo huo sumaku imefanya kazi. Nami naamini imefanya: mzee wa miaka 23 hawezi tena kujichanganya na watoto kwa kunyoa tu. Lakini ukifika hapo ukaacha kusoma, utabeba nusu ya habari.

Anayeonewa na anayepenya

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Kila darasa la saba lina mvulana mwenye sauti ya besi na mwingine ambaye bado anaimba kama dada yake, na wote wamezaliwa mwezi mmoja. Mifupa nayo iko hivyo. Utafiti wa FIFA ulikuta kwamba kwa wavulana wa miaka 16 mfupa uliofunga kabisa huonekana kwa chini ya mmoja kati ya 100. Ndiyo sababu daraja la sita lilichaguliwa: uwezekano wa kumwonea mtoto ni mdogo sana.

Mdogo, ila upo. Ukiwapima wavulana 1,000 wa umri huo, wote waaminifu, kanuni inakuwa imekubali kuwatoa wachache kati yao wasio na hatia. Na kumbuka hesabu yetu ya kwanza: kanuni ya mashindano inamruhusu kijana mpaka miezi ya mwisho ya 17, na kadiri anavyosogea huko ndivyo mfupa wake unavyozidi kuwa karibu kufunga. Aliyezaliwa Januari na akawahi kukua anaweza kuwa na cheti safi, wazazi wakweli na mwalimu anayemkumbuka tangu chekechea, akaingia kwenye mashine na kutoka akiwa kijeba. Kukata rufaa dhidi ya picha ya mfupa wake mwenyewe ni kazi ngumu. Anarudi mtaani kwao na jina ambalo hataliosha kwa sabuni yoyote.

Upande wa pili wa sarafu ndio unaowanufaisha wajanja. Wapo vijana wa miaka 18, wapo hata wa 19, ambao mfupa bado haujafunga. Mtu wa namna hiyo anapita kwenye MRI bila wasiwasi. Kwa hiyo sumaku ilipowekwa mlangoni, soko la udanganyifu halikufungwa, lilibadilisha bidhaa. Zamani mjanja alitafuta mtu mzima mwenye sura ya kitoto. Sasa anatafuta mtu mzima mwenye mfupa wa kitoto. Na akishampata, MRI inamgeuka kuwa wakili: kijana amepimwa, amepita, nani tena atauliza cheti?

Guinea wanalielewa hili vizuri. Fainali za U-17 za 2019 tuliziandaa sisi, kuanzia 14 hadi 28 Aprili, Uwanja wa Taifa na Chamazi. Siku ya ufunguzi Serengeti Boys waliwahi kuongoza dhidi ya Nigeria, wakafungwa 5-4. Jioni ile kwenye daladala ya kurudi Mbagala kila abiria alikuwa daktari wa mifupa. Wale si watoto, alisema kondakta, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nilitikisa kichwa kukubali, sina MRI wala digrii. Kumbe tulikuwa tunatazama kundi lisilo. Guinea walifika fainali kimyakimya, wakatoka 0-0 na Cameroon na kupoteza kwa penalti 5-3. Kisha Senegal wakaleta malalamiko: wachezaji wawili wa Guinea walikuwa wamecheza mashindano ya vijana Japani mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. CAF ikachunguza, ikawatia hatiani. Guinea wakapoteza nafasi ya pili pamoja na tiketi ya Kombe la Dunia, na Senegal ndio waliosafiri kwenda Brazil.

Tazama kilichowanasa. Ilikuwa orodha ya majina kutoka Japani ikiwekwa kando ya orodha ya majina ya Dar es Salaam. Karatasi kupingana na karatasi, njia ile ile ya 1989.

Dada zao hawapimwi

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo linaonyesha mipaka ya sumaku kuliko mfano mwingine wowote. Wasichana hawapimwi MRI. Si upendeleo. Wasichana huwahi kubalehe, mifupa yao hufunga mapema kuliko ya wavulana, kwa hiyo msichana wa miaka 16 mwenye mfupa uliofunga si jambo la ajabu. Ukitumia daraja la sita kwao utawafukuza watoto halali kwa wingi. Ni hivyo hivyo kwa U-20 ya wavulana, kwa sababu ya kinyume chake: wengi wa umri huo wameshafunga, kwa hiyo mfupa uliofunga hauelezi lolote.

Serengeti Girls walipokwenda Kombe la Dunia la U-17 nchini India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada na kufika robo fainali, walikwenda kwa vyeti. Kocha wao alikuwa Bakari Shime, yule yule aliyewapeleka wavulana Gabon mwaka 2017 kwa tiketi ile iliyotokana na kipimo ambacho mchezaji wa Congo hakukifikia. Junior Starlets wa Kenya, timu ya kwanza ya nchi hiyo kucheza Kombe la Dunia la FIFA, nao walikwenda Dominican Republic mwaka 2024 kwa njia hiyo hiyo. Nusu nzima ya soka la vijana duniani inaendeshwa bila sumaku. Kila kitu kinategemea nani aliandika nini, na lini.

Hapo kwenye "lini" ndipo penye uzito. Cheti kilichoandikwa wiki mtoto alipozaliwa ni ushahidi. Cheti kilichoandikwa mwezi mmoja kabla ya kambi ya timu ya taifa ni maelezo ya mtu mwenye maslahi. Kwa macho ya afisa wa CAF vyote viwili vina mhuri na vyote vinang'aa. Kile cha pili pengine kinang'aa zaidi, maana ni kipya.

Nasi tuseme ukweli kuhusu nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi watoto wengi wa Tanzania, hasa vijijini, walikua bila cheti cha kuzaliwa. Mtoto alikuwa na kadi ya kliniki ikiwa haikuliwa na mchwa, au cheti cha ubatizo, au kumbukumbu ya bibi: huyu alizaliwa zile mvua za El Nino. Cheti kilitafutwa pale kilipodaiwa, kwa ajili ya mkopo wa chuo, pasi au ajira, na mzazi alikula kiapo akataja tarehe aliyoona inafaa. Kuna na ile tabia iliyojaa kwenye shule zetu za msingi, mtoto kurudia darasa la saba kwa jina la mwenzake aliyeacha shule. Anafaulu, anakwenda sekondari, na tangu siku hiyo serikali inamjua kwa jina na mwaka ambao si wake. Hakuwa anafikiria mpira. Alitaka shule. Miaka mitano baadaye anaitwa timu ya taifa na tayari ni mwongo wa kisheria, bila kusema neno.

Kwa hiyo ukisikia mchezaji ana "umri wa pasi" na "umri wa nyumbani", usidhani kila mara kuna genge nyuma yake. Mara nyingine yupo mjomba mwenye simu ya wakala. Mara nyingine yupo kocha ambaye mkataba wake unasema lazima afuzu, basi kijana wa 19 anamfaa kuliko wa 15 anayehitaji miaka mitatu ya kunolewa. Kocha hufukuzwa kwa kufungwa leo. Hajawahi kufukuzwa kwa kipaji ambacho kingechanua 2030. Na mara nyingine ni mwalimu mkuu wa miaka ile aliyetaka dawati lisikae wazi.

Gharama ya yote hayo anailipa mmoja ambaye jina lake halimo kwenye rufaa yoyote: yule wa miaka 15 aliyekaa benchi. Alikuwa na miguu, hakuwa na kifua. Kijeba alimkalia namba, akacheza fainali mbili, akapigwa picha na mawakala, kisha mwili wake ukaanza kuchoka akiwa na 24 ya pasi, na mashabiki wakashangaa kipaji kimekwenda wapi. Hakikwenda popote, kilikuwa na 28. Ndiyo sababu mojawapo ya mabingwa wengi wa dunia wa U-17 kutosikika tena, ingawa si pekee. Majeraha, mikataba mibaya na bahati vina fungu lao.

Mambo mawili yanabadilika sasa. La kwanza ni la kalenda. Kuanzia 2025 Kombe la Dunia la U-17 linachezwa kila mwaka nchini Qatar kwa timu 48, Afrika ikiwa na nafasi 10, na fainali zetu za Afrika zimepanuliwa hadi timu 16. Uganda walikuwa miongoni mwa waliofaidika mara moja, wakafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mstari wa umri sasa unasogea mwaka mmoja mmoja: 1 Januari 2008 kwa fainali za 2025, 1 Januari 2009 kwa za 2026. Yule mtoto wa "mwaka mbaya" hayupo tena. Kila rika lina zamu yake ya kuwa kubwa, na ile faida ya kumsogeza mtoto miezi miwili imepungua, kwa kuwa anayekosa leo ana mashindano yake mwakani.

La pili halikufanywa na watu wa mpira. Mwaka 2013 RITA, wakala wa usajili wa serikali, ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano, vyeti vikitolewa huko huko kwenye zahanati na ofisi za kata, na taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi. Mpango huo ukaenda mkoa kwa mkoa. Kwa wapenzi wa soka hiyo ilikuwa habari ya kurasa za ndani, nami nakiri sikuisoma.

Ila rudi kwenye hesabu. Mtoto wa Mbeya aliyebebwa mgongoni kupelekwa zahanati mwaka ule, akiwa na miaka minne, alizaliwa 2009. Huyo ndiye U-17 wa mwaka 2026. Cheti chake kiliandikwa na mhudumu aliyekuwa na foleni ndefu ya akina mama mbele yake, siku ambayo hakuna mtu, hata mama yake, aliyejua kama mguu wake wa kushoto utakuja kuwa na thamani yoyote.